Mkebe wa Kuka

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Katika kisa hiki mjukuu ni mimi mwenyewe, na majuto ni yangu pia.

Babu yangu mzaa mama, ambaye sisi Wabukusu humwita Kuka, alikuwa mpiga picha mjini Bungoma enzi za filamu. Studio ilifungwa kitambo, lakini negativu alizihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti, kila ukanda katika bahasha yake ya karatasi, na juu ya bahasha jina, mwaka na nambari. Nambari hiyo hiyo aliigonga nyuma ya picha. Mteja akirudi baada ya miaka mitano na kulia, "Mzee, ile yangu imepotea," Kuka alifungua mkebe tu akamwoshea nyingine. "Picha ni mtoto," alizoea kutuambia, "negativu ndiyo mama."

Sasa, Mama alikuwa na kaka mmoja tu, akafariki mwaka wa 1993. Picha yake ya pekee ilipigwa mwishoni mwa 1988, alipotoka jandoni. Mchwa walipanda ukutani wakaila ndani ya fremu. Ikabaki negativu. Basi likizo ya Aprili 2024, ile iliyorefushwa kwa sababu ya mafuriko hadi shule zikafunguliwa tarehe 13 Mei, Mama alinituma Bungoma niilete nyumbani Kitale. Kuka alinikabidhi mkebe mzima kwa kuwa macho yake yamefifia.

Nilishuka Kitale mvua ikinyesha si haba. Mimi na ujuaji wangu! Niliziona zile bahasha kuukuu kuwa takataka. Nikazitoa kanda zote, nikazibandika moja juu ya nyingine, nikazifunga kwa nailoni ya mkate na kuziweka juu ya kabati la jikoni. Bahasha niliwashia jiko. Naam, niliwashia jiko.

Wiki tatu baadaye nilipofungua, kanda zilikuwa zimegandamana kama chapati zilizokosa mafuta. Nikaingiza kucha, nikavuta. Kra! Uso wa mjomba ukabaki mgongoni mwa ukanda mwingine. Nikaacha hapo hapo, mikono ikinitetemeka.

Mwalimu wetu wa Kemia alinifafanulia. Picha nyeusi na nyeupe ni chembechembe za fedha zilizoshikwa na jelatini, na jelatini hutengenezwa kwa mifupa na ngozi za wanyama. Ikipata unyevu huvimba na kunata mithili ya gundi, na kuvu huila kama chakula. Karatasi hupumua, nailoni hufungia mvuke ndani. Isitoshe, filamu nyingi za zamani ni plastiki ya asetati, ambayo ikikaa penye joto na unyevu huoza na kunuka siki. Ukinusa siki mkebeni, zitenge upesi zinazonuka, kwani huambukiza wenzake.

Hapo ng'ambo ya Malaba, kwa jirani zetu Uganda, mwaka wa 2015 kabati lilipatikana katika shirika la utangazaji la serikali likiwa na negativu zipatazo 70,000, nyingi za wakati wa Idi Amin. Baadhi zilionyeshwa katika jumba la makumbusho la Kampala mwaka wa 2019. Unajua ni kwa nini watu waliweza kutambua ni picha za nini? Zilikuwa ndani ya bahasha zenye tarehe na maelezo. Bahasha, jamani! Na mimi nimewaacha maharusi na watoto wa Bungoma wa miaka ya themanini bila majina.

Nilirudi kwa Kuka. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Zenye kuvu alizitenga, akisema maji yangeondoa picha yote. Zilizobaki alizilaza katika beseni la maji safi ya baridi, akakataza mtu kuzivuta. Tulikunywa chai. Taratibu zikaanza kuachana zenyewe. Tukazishika pembeni tu, kwa maana jasho la vidole huacha alama, tukazianika kwa vibanio vya nguo chumbani mbali na vumbi.

Ndipo akakumbuka jambo. "Kila mtu nilimpiga mara mbili," akasema. "Watu hufumba macho."

Kweli, kando ya ule uso uliobanduka alikuwepo mjomba tena, mzima, macho yamefumbwa. Nilifungua skrini nyeupe kwenye simu moja, nikaweka karatasi nyembamba nyeupe juu yake, kisha ukanda, nikapiga kwa simu ya pili na kugeuza nyeusi kuwa nyeupe.

Mama aliishika ile simu muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, akasema kaka yake hakuweza kuvumilia jua.

Zilizosalia ziko katika bahasha mpya. Kila Jumamosi Kuka huniita nimweleze ninachoona katika kila ukanda, naye hujaribu kukumbuka ni nani. Kufikia sasa tumepata majina kumi na manne.