Nguo za Mtoto wa Kwanza

Hapa Pemba mtoto wa pili mara nyingi huzaliwa vitu vyake vikimngoja. Kanga za kumbebea zimo kashani, nepi za kitambaa zimekunjwa, beseni la kumkoshea liko uani, na chandarua kimening'inia juu ya kitanda tangu siku za mkubwa wake. Wapitao njia huweza kudhani huo ni umasikini tu. Mimi naona ni desturi njema ya kutotupa kilicho kizima. Wazee walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao, na mtu kama mimi, niliyelea watoto kwa mshahara wa ualimu, ninayo sababu ya kuuheshimu usia huo.

Hata hivyo iko kauli moja inayokwenda sambamba na desturi hii ambayo hunikera kila ninapoisikia. Mtu akiuliza kama kitu fulani kinafaa kwa mtoto mchanga, hujibiwa, "Mbona kilimlea mkubwa wake na hakikumdhuru?" Kwa miaka mingi nilisahihisha madaftari ya hesabu, na nilikutana na wanafunzi wengi waliopata jibu sahihi kwa njia isiyokuwa sahihi. Hao ndio walikuwa wagumu kuwafundisha, kwa sababu jibu lao liliwapa kiburi. Mtoto aliyesalimika ametuthibitishia jambo moja tu, kwamba yeye alisalimika. Na baina ya mtoto wa kwanza na wa pili mambo mawili huwa yamebadilika: chombo kimezeeka, na mtoto ni mwingine.

Tuanze na uzee wa chombo. Katika visiwa vyetu kifaa cha mtoto kinachostahili kutajwa mwanzo ni chandarua. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria mwaka 2003, na mwaka 2006 vikagawiwa kwa wingi vyandarua vyenye dawa ya kudumu, kwanza kwa wajawazito na watoto wadogo. Malaria, iliyokuwa ikijaza wodi za watoto, ikashuka hadi kiwango cha maambukizi kikawa chini ya asilimia 1. Lakini neno "kudumu" lisitudanganye. Dawa hiyo hutarajiwa kufanya kazi kwa muda wa miaka 3 hivi, au kufuliwa mara 20 hivi. Chandarua kilichomkinga mtoto ambaye sasa anakwenda skuli huenda kikawa kitambaa tu, na kama kina matundu basi mbu ataingia na asitoke mpaka ashibe. Mimi nashauri mwenye chandarua akiandike tarehe kwenye pindo kwa wino usiofutika, siku ile ile anayokitundika.

Kitanda nacho huzeeka, na zaidi kile kilichokuja na kontena kutoka Ulaya au Arabuni. Watu hukinunua kwa bei nafuu, wakakifungua, wakakifunga tena, na kila safari skrubu moja hupotea. Vitanda ambavyo ubavu wake mmoja huteremshwa na kupandishwa vilipigwa marufuku kuuzwa Marekani mwaka 2011, baada ya watoto kunaswa pale ubavu ulipolegea, wakafa. Kwa hiyo asiyekuwa na habari anaweza kumlaza mjukuu wake ndani ya kitu ambacho huko hakiruhusiwi tena dukani. Kipimo ni chepesi, hakihitaji fundi. Nafasi baina ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, kitanda hicho hakifai. Godoro liwe gumu na lienee, lisiache upenyo wa vidole viwili pembeni. Godoro la sufi lililokwisha kubonyea katikati apewe mtu mzima. Mtoto alazwe chali, bila ya mto. Uingereza walianza kuwahimiza wazazi hivyo mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikapungua sana katika nchi zote mbili.

Na vile vigari vya magurudumu anavyotiwa mtoto ili ajifunze kutembea, Kanada ilivipiga marufuku mwaka 2004. Sisi ambao nyumba zetu zina baraza ndefu na vidaraja vya kushukia njiani hatuna haja ya kuelezwa sababu.

Hayo ya chombo kuzeeka macho yanaweza kuyaona. Hili la pili, la mtoto kuwa mwingine, ni gumu zaidi, na mimi nililifahamu vizuri kwa sababu ya nguo.

Binti yangu alipokuwa na mimba ya pili, dada yangu mkubwa alileta sanduku la nguo za mtoto wa kwanza, msichana, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitano. Dada alizitunza mwenyewe. Alizifua, akazipiga pasi, akazipanga, kofia juu na soksi chini, na baina yake akatia vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo na mende. Sanduku lilipofunguliwa harufu ilijaa chumba kizima. Binti yangu akanitazama, kwa kuwa kliniki alikuwa amekwisha kuambiwa habari ya vidonge hivyo, lakini hakuweza kumwambia shangazi yake.

Habari yenyewe ni hii. Vingi vya vidonge hivyo ni nafthalini. Hugeuka mvuke kidogo kidogo, mvuke ukaingia katika nguo, na mtoto akauvuta au ukapita kwenye ngozi yake. Aliyepakwa mafuta hupitisha zaidi, maana nafthalini huyeyuka katika mafuta, na sisi watoto wetu tunawapaka mafuta ya nazi kila wanapokoga. Kwa watoto wengi hapana kitu kinachoonekana. Lakini wapo waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambacho kazi yake ni kuzihifadhi chembe nyekundu za damu. Kwa mtoto kama huyo nafthalini huzivunja chembe hizo, akaishiwa damu, akageuka manjano macho na ngozi, na manjano yakizidi hupanda kwenye ubongo. Anaweza kufa, au akabaki na kilema maishani, kama vile uziwi.

Upungufu huo umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa karne nyingi, kwa vile humpa mwenye nao kinga fulani dhidi ya malaria kali. Pwani yetu imo katika nchi hizo. Na tena hurithiwa kwa njia ambayo huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana: mama huweza kuwa nao bila ya kujua, binti yake akasalimika, na mwanawe wa kiume akaathirika. Hapo ndipo ile kauli ya "mbona ilimlea mkubwa wake" inapoanguka kabisa. Nguo ni zile zile, mama ni yule yule, lakini damu ya mtoto wa pili haijulikani mpaka ipimwe.

Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, na mimi ni mtu wa miaka sabini na zaidi. Nilimwambia, "Dada, nguo umezitunza vizuri kuliko sote. Ila hivi vidonge, kliniki wanasema ni sumu kwa mtoto mchanga."

Akasema, "Nyinyi nyote nimekuvisheni nguo za sandukuni. Nani kafa?"

Sikumjibu papo hapo. Baadaye nilimweleza taratibu kama nilivyoeleza hapa, na nilipofika kwenye jambo la wavulana aliniuliza swali moja tu: "Na huyu ni mwanamme?" Nikamwambia hatujui. Akanyamaza, kisha akaomba beseni. Nguo zilifuliwa mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, zikaanikwa juani siku kadhaa mpaka pua ya dada mwenyewe ikakiri kwamba harufu imekwisha. Sanduku likatupwa, kwa sababu mbao zilikuwa zimekwisha kunywa. Mtoto alizaliwa mwanamme.

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya neno lile alilosema dada, "Nani kafa?" Halikuwa neno la ujinga. Lilikuwa la mtu aliyeona kazi ya mikono yake inatiliwa shaka. Nyumba nyingi hushindwa kuwaambia wazee mambo kama haya kwa kuogopa kuwavunjia heshima, na mtoto ndiye anayelipa. Mimi naona heshima ni kumweleza mzee sababu yote, kwa utulivu, kama anavyoelezwa mtu mwenye akili zake, kisha kumwachia nafasi ya kuwa yeye ndiye anayelirekebisha jambo.

Nguo za mtoto zikafuliwa, zikauke kabisa, zifungwe ndani ya kitambaa safi, pasitiwe dawa yoyote. Zikitobolewa na mende, kitobo kitashonwa. Na mtoto mchanga akionekana manjano, hasa siku ya kwanza, au akiwa mzito kunyonya na kuamka, apelekwe hospitali saa ile ile, pasingojwe jua la asubuhi wala dawa ya jirani. Wakunga wa kliniki zetu waulizwe kila kitu kinachotoka kashani, hata kama swali linaonekana dogo. Wao hawamjui mkubwa wake, na kwa hiyo watamtazama huyu aliyekuja.