Mbwa Wetu na Karatasi Zake

Huenda mtacheka mkisikia ya kuwa sisi wazee wawili wa Alunguli tumekuwa tangu Aprili tukimtafutia mbwa ruhusa ya kwenda Ulaya. Majirani nao walicheka. Walisema: "Watu wazima wanakosa paspoti, nanyi mnamhangaikia mbwa!" Tuliwaacha waseme, maana mbwa mwenyewe jina lake ni Watasema.

Habari ilianza hivi. Mjukuu wetu, msichana wa miaka 10, tumemlea sisi tangu mama yake alipokwenda Ubelgiji kutafuta kazi. Mwaka huu mama alipata idhini ya kumwita mtoto, aanze masomo huko mwezi wa Septemba. Tulifurahi. Lakini mtoto aliuliza neno moja tu: "Babu, na Watasema je?" Kila asubuhi mbwa huyo alimsindikiza hata kivukoni, akamtazama akipanda mtumbwi kuvuka Lualaba kwenda shule, na mchana akamngojea pale pale. Hatukuwa na moyo wa kumwambia hapana.

Aliomba na kasuku pia. Hilo tulilikataa mara moja. Kasuku wa kijivu wa misitu yetu, mwenye jina moja na komine yetu ya mjini, aliwekwa na mataifa waliokutana Johannesburg mwaka 2016 katika orodha ya wanyama wanaolindwa kupita wote. Biashara yake kutoka nchi hata nchi, akiwa amekamatwa porini, ilikatazwa. Na hata yule aliyefugwa nyumbani hapiti mpakani pasipo kibali cha nchi anayotoka na kibali cha nchi anayokwenda. Wetu alinunuliwa sokoni zamani, hana hata kikaratasi kimoja. Basi abaki.

Kwa mbwa tulidhani kazi ni ndogo. Achomwe sindano ya kichaa cha mbwa, apewe kitabu chake, apande ndege. Tarehe 8 Aprili tulimwita mganga wa wanyama. Alipofika alituuliza kwanza: "Mbwa ana namba?" Tukamjibu: "Namba itakuja baadaye, wewe choma tu." Alitutazama kidogo, akachoma.

Hapo ndipo tulipokosea, na kosa ni letu wenyewe.

Namba hiyo iko ndani ya kitu kidogo kiitwacho chipu, si kikubwa kuliko punje ya mchele, nasi watu wa Maniema twaijua punje ya mchele. Huingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, na mwenye chombo chake akikipitisha juu husoma tarakimu 15. Sheria ya Ulaya yasema: chipu iingie kwanza, au siku ile ile ya chanjo. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, kwa kuwa hakuna awezaye kuhakikisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Mama wa mtoto aliyasoma hayo huko, akatupigia simu mwezi wa Mei. Tulinyamaza muda mrefu, hata akadhani simu imekatika.

Hesabu yenyewe ni hii. Baada ya chanjo inayokubaliwa, mbwa wa nchi kama yetu hukaa siku 30 kabla ya kutolewa damu. Damu hupimwa katika maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya, kuona kama kinga imefika walau nusu ya yuniti ya kimataifa katika kila mililita. Tena, tangu siku ya kutoa damu, yampasa angoje miezi 3 mizima. Kama chanjo ya Aprili ingalihesabiwa, Watasema angalikuwa tayari mwanzo wa Agosti, na mtoto alikuwa na tiketi ya tarehe 25 Agosti. Lakini chipu ilitufikia kutoka Kinshasa katikati ya Juni. Tarehe 15 Juni alitiwa chipu na kuchanjwa tena. Tarehe 16 Julai damu ilitolewa, ikasafirishwa ndani ya sanduku la barafu. Miezi 3 ilitupeleka hata tarehe 16 Oktoba.

Tulimwuliza mganga, kwa hasira kidogo, kwa nini mbwa mzima wa afya angojeshwe hivyo. Alitueleza kwa upole. Ugonjwa huu hujificha. Mbwa aliyeumwa leo aweza kula na kucheza kwa majuma, hata kwa miezi, kabla kichaa hakijatokea. Na mtu akishaonyesha dalili, dawa hakuna. Tangu Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, watu wanajua namna ya kuuzuia, na hata hivyo Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa wafao ni kama 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameumwa na mbwa, na wengi ni watoto wa Afrika na Asia. Wabelgiji waliuondoa kwao kwa jasho: tangu mwaka 1989 waliwaangushia mbweha wa msituni chambo chenye chanjo, kwa helikopta! Mwaka 2001 nchi yao ikatangazwa kuwa safi. Mbweha wa watu wachanjwa kutoka angani, na mbwa wa Alunguli je?

Lakini kuhusu mbwa wa Alunguli tuna la kusimulia. Kichupa cha chanjo alichokuja nacho mganga kilikuwa cha mbwa 10, na kikishafunguliwa hakiwekwi. Siku ile ya Aprili alituambia: "Waiteni wengine, tusimwage dawa." Mjukuu wetu alikimbia nyumba kwa nyumba, na majirani wale wale waliotucheka wakaja wakiwavuta mbwa wao kwa kamba. Mmoja alimbeba wake ndani ya kikapu. Tarehe 15 Juni, kwa sababu ya kosa letu, kichupa cha pili kilifunguliwa, wakaja wengine 9. Yaani mbwa 18 wa mtaa walichanjwa juu ya safari ya mmoja, ambaye hakusafiri.

Maana mtoto aliondoka bila yeye. Alimshika shingo kivukoni, asiseme neno. Mbwa alingoja pale mchana ule, na siku nyingi baadaye.

Tulifikiri tungempeleka peke yake mwezi wa Oktoba. Sivyo. Mnyama wa nyumbani asafiri pamoja na mwenyewe, au kwa siku zisizopita 5 kabla au baada yake. Zikipita, ahesabiwa kama bidhaa, kwa sheria nyingine na gharama nyingine. Kwa hiyo mama atakuja mwenyewe wakati wa Noeli, naye ndiye aliyeandikwa mwenye mbwa katika karatasi zote.

Majibu ya damu yamefika, nayo ni mema. Yamo katika mkebe wa bati pamoja na kitabu cha chanjo, ili mchwa wasiyale. Kimebaki cheti cha afya cha serikali, ambacho hakiwezi kuchukuliwa mapema, kwa kuwa ni cha siku 10 tu hata kuingia Ulaya. Seremala ametengeneza sanduku la kusafiria, refu la kutosha mbwa asimame na kugeuka. Kila jioni tunatia chakula ndani ili alizoee. Anakula akiwa ameacha miguu ya nyuma nje, kisha anatoka kwenda kulala njiani, uso wake kuelekea mtoni.