Tatu mara tano

Nipo hai, bumu limeisha, ila roho ipo. Nimepotea kidogo kwa sababu ya andalio la somo. Mhadhiri katuambia kila mtu achague mada moja ya hisabati ya darasa la tatu, aandae kipindi cha dakika 40, halafu awafundishe wenzake ambao siku hiyo wanajifanya watoto. Wenzangu wamegombania maumbo na saa. Mimi nimechukua kuzidisha, maana fildi nimeomba nikafanyie nyumbani Rutamba na nina mdogo wangu kule.

Huyo mdogo wangu yupo darasa la tatu. Juzi nilimpigia kwa simu ya mama, nikamwambia anisomee jedwali la tatu. Jamani, alitiririka mpaka "tatu mara kumi thelathini" bila kupumua. Nikamuuliza: mama akinunua mafungu matano ya nyanya, kila fungu nyanya tatu, ana nyanya ngapi? Kimya. Mwisho akasema, "Kaka, hiyo ya nyanya hatujafundishwa." Nilicheka, ila simu ilipokatika nikaacha kucheka. Mwakani ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na kule hawakuombi uimbe jedwali.

Basi nikakaa na andalio. Tarehe, idadi ya wanafunzi, umahiri, zana, vyote nikajaza haraka. Kufika kwenye maarifa mapya nikakaa siku mbili na neno moja tu: mara.

Hebu jisikilize unavyosema: nimekwenda Lindi mjini mara tano. Idadi ya kurudia inakuja baada ya "mara". Kwa hiyo "tatu mara tano" kwa Kiswahili chetu ni tatu, irudie mara tano: 3+3+3+3+3. Sasa sisi chuoni tunasoma kwa Kiingereza, na wao wakisema "three times five" mara nyingi wanachora vikundi vitatu vya tano tano: 5+5+5. Jibu ni 15 kote, lakini picha ni mbili. Ukienda nayo hiyo picha shule ya msingi, ambako tunafundisha kwa Kiswahili, ubao unaweza kusema hiki na mdomo ukasema kile. Mtoto afanye nini? Anaachana na maana, anakariri.

Roommate wangu akasema, "Acha mambo yako, jibu si lilelile?" Nikamwambia kumbuka dawa mseto ya malaria. Mtu mzima anaandikiwa 4×2 kwa siku tatu, yaani vidonge vinne, mara mbili kwa siku. Haya, wewe meza viwili mara nne, tuone kama daktari atakuambia ni kilekile. Akanyamaza. Na huo mfano ndio nimeuweka kwenye utangulizi, dakika tano, kwa sababu hakuna mtoto wa Rutamba asiyejua bahasha ya dawa.

Baada ya hapo ni vizibo vya soda. Kila mtoto anaweka vizibo vitatu, anahesabu "mara moja", anaweka vitatu vingine, "mara mbili", mpaka mara tano, halafu anahesabu vyote. Alama ya × naiandika baada ya mikono kumaliza kazi.

Kisha tunatoka nje kwenye mikorosho. Tunatafuta mistari mitano, kila mstari tunahesabu miti mitatu. Ukisimama upande huu unaona tatu tatu, mara tano. Zunguka ubavuni, unaona tano tano, mara tatu. Hakuna mti uliong'olewa wala uliopandwa. Hapo sasa mtoto ana haki ya kugeuza namba, kwa sababu ameona mwenyewe kwa nini inageuka. Na ni faida kubwa: ukijua 3×8, ile 8×3 umeshaipata bure, jedwali linapungua karibu nusu.

Jedwali lenyewe silitupi. Kuimba ni kuzuri, kunampa mtoto kasi. Ila kwangu linakuja mwishoni. Kwenye upimaji nawaandikia 4×6, kila mtu anitungie hadithi yake: samaki, madafu, chochote. Mwenye hadithi ndiye aliyeelewa.

Kazi iliyobaki ni zana. Tuseme darasa lina watoto 60, kila mmoja vizibo 15, hivyo ni vizibo 900. Hadi leo ninavyo 212 chini ya kitanda. Kwa hiyo mkiniona nainama inama pale kantini, msiseme bumu limenifikisha huko. Mwenye vizibo anitunzie.

Naomba kuwasilisha.