Silabi Mbili za Mwisho

Hesabu niliiacha darasani siku niliyoacha shule, na kwa zaidi ya miaka 35 sikuikumbuka ila nilipohesabu mizani za ubeti. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na magazeti makuukuu, nikawa mfasiri. Hesabu hainidai, nikisema. Kumbe inanidai.

Mwezi wa Mei, mwaka juzi, nilisafiri hadi Bariadi kumzuru mpwa wangu aliyeolewa huko. Mji huo ndio makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, uliozaliwa mwaka 2012, sehemu yake kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga. Sisi wa visiwani tumezoea karafuu zilizoanikwa juani na harufu yake inayokufuata hadi chumbani. Kule msimu ule ni wa pamba: safi hutengwa na fifi, ikapelekwa mizanini, na mkulima aliyekopa dawa ya kuulia wadudu hukatwa deni lake kabla ya kupokea chochote. Haya niliyasikia yakizungumzwa kila jioni, nikiwa nimekaa kibarazani, na sikudhani yangenihusu.

Mjukuu wangu wa kike, wa darasa la sita, alikuja na daftari. "Shikamoo babu. Mama anasema wewe ni mtu wa vitabu, nitazamie kazi yangu." Hesabu ilikuwa hii: 6 − 9 + 4. Alikuwa amejibu 1.

Nikamuuliza kama shuleni kwao wamefundishwa MAGAZIJUTO. Akaniambia wamefundishwa. Nami ndilo neno pekee la hesabu lililonibakia tangu utotoni, kwa sababu lina utamu wa kutamkika: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Basi nikamweleza kwa sauti ya mjuzi kwamba JU imetangulia TO. Kwa hiyo 9 na 4 ni 13, na 6 toa 13 ni hasi 7. Alinitazama kidogo. Kisha, kwa adabu ya watoto wa kule, akachukua ufutio akafuta jibu lake.

Kesho yake daftari lilirudi na kosa jekundu. Hakunilaumu. Aliketi ukingoni mwa mkeka akasema, "Babu, mimi nilikuwa nimepata." Nikamtaka anieleze alivyofikiri. Akasema: baba ana 6, anadaiwa 9 za dawa, akilipa zote alizonazo atabaki na deni la 3. Akiuza pamba akapata 4, atalipa hizo 3, itabaki 1. "Na akianza kuuza pamba, ndipo alipe?" nikamuuliza. "Ni hiyohiyo 1. Lakini wewe babu umeichukua hela ya pamba ukaifanya deni."

Sikupata la kujibu.

Nilichokifanya nakijua kwa jina lake, maana ni dhambi ya wafasiri. Nilitia mabano pasipo na mabano. Hasi 7 ni jibu la 6 − (9 + 4), sentensi nyingine kabisa, kama vile mtu anavyohamisha mkato katika mstari wa mwenzake na kuyageuza maneno ya mzazi kuwa ya mwana. Alama ya kutoa ilikuwa ya ile 9 peke yake. Mimi nikaifunika na 4 ndani yake. (Labda pia ni chuo kilichonilea: aliyeanza kusoma kutoka kulia kwenda kushoto hupata tabu kuiacha desturi, na hesabu ile ukiifunga kuanzia kulia huleta hasi 7.) Mwalimu wao alikuwa amewaambia wazi kwamba kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, hufuatwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kadhalika kugawanya na kuzidisha. Ni neno lenyewe lisilosema hivyo.

Usiku ule nililiweka neno hilo mbele yangu kama ninavyoweka ubeti uliokataa. Kwa Kiingereza wana BODMAS, ambayo mtoto ataikuta kidato cha kwanza lugha ya masomo itakapogeuka. Mpangilio ni uleule wa letu, ila herufi yake ya pili haina silabi kwetu. Hata kosa ni lilelile: kujumlisha kumewekwa mbele ya kutoa. Wamarekani wana neno lao linalotanguliza kuzidisha kabla ya kugawanya, na hapo wamejichimbia shimo la pili. Kwao asiye mwangalifu ataona 12 ÷ 2 × 3 ni 2, hali ni 18. Letu kwa GAZI liko salama. Anayegawanya kwanza, kisha akazidisha, hapotei. Hatari iko kwenye JUTO peke yake, na Kiswahili chenyewe kimetuonya, maana juto ni umoja wa majuto.

Nikajaribu kuzigeuza silabi mbili za mwisho: MAGAZITOJU. Mizani ni tano zilezile. Nikatoa kwanza, kisha nikajumlisha, kwa hesabu moja baada ya nyingine mpaka mafuta ya taa yakapungua, na kila mara jibu lilikuja sahihi. Lakini neno halikai mdomoni. Bila shaka la kwanza lilishinda kwa sababu linaimbika, nasi washairi tusijifanye hatujui jambo hilo linavyotokea.

Mhindi Brahmagupta, mwaka 628, aliandika kanuni za namba hizi akiita chanya mali na hasi deni. Aliziandika kwa beti. Mtoto wa mkulima wa pamba hajamsikia, wala hakumhitaji.

Asubuhi ya kuondoka kwangu aliniandikia hesabu kwenye daftari langu la mashairi: −5 + 8 − 3. Nilianza kushoto, polepole, nikahesabu kwa vidole. Nikapata sifuri. Akaazima kalamu nyekundu ya mama yake, akaniwekea alama ya vema.