Peramiho: Kitabu kwa Kitabu

Msafiri atokaye Songea kuelekea magharibi hufika Peramiho kwa mwendo mfupi, akapokewa na kanisa kubwa la abasia. Wabenediktini waliianzisha misheni hii mwaka 1898. Vita vya Majimaji vikaiteketeza mwaka 1905, ikajengwa upya. Sisi tulivutwa zaidi na habari za uchapaji, kwani vitabu vya Peramiho vimesambaa nchini kwa miongo mingi.

Lakini kitabu hakimfikii mtoto kwa ujirani wa mtambo. Sharti kinunuliwe, na fedha ya mzazi huanza kwa unga na sare. Ndipo mabadilishano ya vitabu katika maktaba ya shule yanapofaa: mwanafunzi huleta alichokwisha soma, mfano *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, hupewa tiketi, na siku ya siku huchagua kingine.

Na asiye na kitabu nyumbani? Hapa ndipo shughuli nyingi za namna hii huharibika, zikawa karamu ya wenye navyo. Tuonavyo, huyo apewe gundi, uzi na karatasi ngumu, atengeneze vitabu vya maktaba vilivyochanika, na kwa kila viwili ajipatie tiketi. Aingie mlango uleule, saa ileile.

Wazazi wa Kiislamu watauliza kuhusu Msahafu na juzuu. Hivyo visiwekwe mezani pamoja na hadithi; mwenye ziada aipeleke madrasa, ambako mtoto ataipokea akiwa na udhu.