Kioo cha Kulinda Jicho la Kamera

Mwaka jana nilichaguliwa kuwa mtunzaji wa kamera ya chama chetu cha wapiga picha. Kamera hiyo tuliletewa na wanafunzi wa zamani, nao walitusihi tuitunze kama mboni ya jicho. Wasomaji wanaoijua barabara ya shuleni kwetu wataelewa hofu yangu. Wakati wa kiangazi, likipita lori moja tu, vumbi jekundu huingia hata ndani ya sanduku la nguo.

Basi nilikwenda Kampala kununua filta, yaani kioo chembamba kinachozungushwa mpaka kikaze mbele ya lenzi. Mwenye duka aliniuliza kipimo. Nilitazama ukingo wa lenzi, nikaona alama ya duara lililokatwa kwa mstari, na namba 58, maana yake milimita 58. Alinionyesha filta mbili. Moja bei yake shilingi 20,000. Ya pili, iliyopakwa dawa ya kuzuia kioo kisirudishe mwanga, shilingi 90,000. Nilichukua ile ya kwanza, nikarudi nikijisifu kwamba nimeokoa fedha za chama.

Mwisho wa muhula tulimuaga mpishi wetu mzee, ambaye alitulisha tangu tulipoingia kidato cha kwanza. Usiku ule umeme ulikatika, tukawasha mishumaa. Nilipiga picha zaidi ya thelathini. Asubuhi, nilipozitazama katika kompyuta, moyo ulinishuka. Kila mwali wa mshumaa ulikuwa na pacha wake wa kijani, kichwa chini miguu juu, na mmoja umetua juu ya shavu la mzee. Nilikimbia chumbani kwake. Alikwisha kupanda basi la alfajiri.

Padri anayekilea chama chetu aliiweka kamera mezani, akaniambia, "Mwanangu, mwanga huingia, sehemu yake ikarudishwa na vioo vya ndani, ikagonga mgongo wa filta, ikarudi tena ndani. Hao ndio mapacha wako." Kisha alinieleza kwamba zamani filta za namna hii zilizuia mionzi isiyoonekana kwa macho, iliyotia picha za filamu ukungu wa buluu, hasa milimani. Kamera za siku hizi hazisumbuliwi sana na mionzi hiyo. Kazi iliyobaki ni kuzuia vumbi, matone ya maji na vidole. Kwa hiyo kinachonunuliwa ni usafi wa kioo wala si jina lake.

Enyi wenzangu mtakaoshika kamera hii baada yangu, kabla ya kulipa, ielekezeni kwenye taa penye giza, mpige picha moja na filta na moja bila filta. Mkiona pacha, kataeni. Msiitegemee filta kuzuia pigo zito, kwani ikivunjika vipande vyake vyaweza kukwaruza lenzi. Na vumbi lipulizeni kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha brashi laini, kitambaa mwisho. Kufuta mchanga mkavu ni kupiga msasa.

Rahisi ghali, walisema wazee. Likizo hii nakwenda kijijini kwa yule mpishi. Njiani filta itakaa mahali pake, kwa sababu ya vumbi. Jioni, akiketi karibu na taa yake, nitaiondoa.