Siku Tatu Katika Nchi ya Zabibu



Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, akaandika juu ya watu wake waliokula ndizi na samaki, na juu ya misikiti yao ya mbao iliyojengwa kwa ustadi. Mwaka 1350 alifika Malaga, kusini mwa Andalusia, na huko alisifu matunda: makomamanga, tini, lozi, na zabibu zilizouzwa sokoni ratili nane kwa dirhamu moja ndogo. Kutoka hapo akaenda Velez, mji alioutaja kwa msikiti wake mzuri na kwa zabibu mfano wa zile za Malaga. Zaidi ya miaka mia sita imepita. Mizabibu ingaliko juu ya vilima vile, na mwishoni mwa Agosti sisi nasi tulijaaliwa kukaa kati yake siku tatu.

Eneo hilo huitwa Axarquía. Msomaji aliyekaa chuoni atalitambua jina mara moja: ni ash-sharqiyya, upande wa mashariki, kwa kuwa liko mashariki ya Malaga. Waislamu walitawala huko tangu karne ya 8 hadi mwaka 1487, Velez na Malaga ziliposalimu amri mbele ya wafalme wa Kikristo. Vijiji vyake ni vyeupe kwa chokaa, vimeng'ang'ania miteremko mikali, na chini kabisa yaonekana bahari ya Mediterania.

Safari yetu ilitokana na mkwe wetu, afanyaye kazi London. Mwajiri wake alimtunukia malazi ya familia katika hoteli ya kifahari iliyo ndani ya shamba la mizabibu. Ilikuwa zamani nyumba ya wakulima, yenye kuta nene na ua katikati. Leo ina vitanda laini, hodhi la kuogelea linalotazama bahari, na chini ya ardhi ghala la mapipa ya mvinyo. Wageni wengi huenda huko kwa ajili ya mapipa hayo.

Kabla mizigo haijafungwa, mama watoto aliuliza swali ambalo wasomaji wetu pia wangeuliza: yafaa Mwislamu kulala mahali kama hapo? Tulimjibu kwamba kodi ya chumba ni ya malazi, na malazi kwa asili yake ni halali. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuketi kwenye meza inayozungushwa khamri, na katazo hilo halina mlango wa nyuma. Mwenye kuweza kupata nyumba nyingine kwa wepesi, hiyo ndiyo salama zaidi kwa dini yake. Asiye na budi, basi ajiwekee mipaka kabla ya safari, kwa sababu mpaka unaowekwa mezani, sahani zikiwa tayari, ni mgumu kuulinda.

Hivyo mkwe wetu aliandika barua. Aliomba mambo matatu: chupa zote za vileo ziondolewe chumbani; tupewe meza yetu peke yetu, mbali na ukumbi; na chakula chetu kisiwe na nguruwe wala mvinyo, hata wa kukolezea mchuzi. Jibu lilikuja siku ya pili. Mambo yote matatu yalikubaliwa, na bibi wa mapokezi akauliza nyakati za sala zetu, ili wasafishaji wasije wakabisha hodi tukiwa katika ibada.

Tulikuta meza imeandaliwa uani, chini ya mti wa mlozi. Sala tulizipunguza, kwa kuwa siku zetu hazikufika nne kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafi. Kibla kilitustaajabisha kidogo. Sisi watu wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini. Kule, Makka iko upande linakochomoza jua, na kila alfajiri tulisali tukitazama vilima vikianza kupambazuka.

Chakula kimoja tunawaelezea mabibi wapishi. Huitwa ajoblanco, nacho ni supu baridi ya lozi zilizopondwa pamoja na kitunguu saumu, mkate, mafuta ya zaituni, chumvi na siki, na juu yake huwekwa zabibu mbichi. Binti yetu alisita kwenye siki, kwani ya huko aghalabu hutokana na mvinyo. Katika madhehebu yetu, khamri iliyogeuka siki yenyewe, pasipo kutiwa kitu, ni tohara na halali. Iliyogeuzwa kwa kutiwa kitu siyo. Mpishi hakujua yake ilitengenezwa vipi. Akatutilia maji ya limau badala yake, nasi tukala tukashiba.

Asubuhi ya pili tulipanda kijijini kutazama jambo ambalo wageni wengi wa hoteli hawaendi kulitazama. Mizabibu ya huko haitambazwi juu ya waya. Kila mmoja husimama peke yake, mfupi kama kichaka, kwenye mteremko mkali ambapo mashine haifiki. Huvunwa kwa mkono, na mizigo huchukuliwa na nyumbu. Zabibu zenyewe ni za aina iitwayo Moscatel ya Iskandaria. Vishada hulazwa juu ya vitanda vya udongo vilivyoinamishwa kulielekea jua, hugeuzwa kimoja kimoja kwa mkono, na usiku hufunikwa turubai ili umande usiviharibu. Aliyewahi kuona mbata au karafuu zikianikwa ataielewa kazi hiyo bila mkalimani. Zikikauka, wanawake na wazee huketi na mikasi, wakizikata kutoka vikonyoni punje kwa punje. Mama watoto alipewa mkasi akaketi nao saa nzima; hawakuwa na lugha moja, lakini vicheko tulivisikia.

Kazi hii ilijulikana huko tangu zama za Waislamu, na imepita katika misukosuko mingi. Mwaka 1878 mdudu aitwaye filoksera, mlaji wa mizizi ya mizabibu, aligunduliwa katika kijiji cha Moclinejo. Mashamba yakafa, na wakulima wengi wakahamia ng'ambo. Waliobaki walipanda upya. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukaushaji huo wa zabibu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu duniani.

Hapa tuwaombe wasomaji watue kidogo. Mvinyo mtamu wa Malaga hutengenezwa kwa zabibu za aina hiyohiyo, nazo pia huanikwa juani. Mpaka kufikia hapo, tunda ni moja, jua ni moja na jasho ni moja. Kisha mkono wa mwanadamu huamua: zabibu hii iende kwenye sanduku, au iende kwenye shinikizo na pipa. Sura ya An-Nahl imetaja kwamba katika matunda ya mitende na mizabibu watu hupata kileo, na hupata pia riziki njema. Tuliwahi kuisomesha aya hiyo mara nyingi. Kule tuliiona imetandazwa mlimani.

Lugha zenyewe zinashuhudia. Kwa Kiarabu, tunda bichi ni inab, na lililokauka ni zabib. Wahispania wana neno la zamani, acebibe, lenye maana ya zabibu kavu, walilolichukua kutoka Kiarabu kama walivyochukua azúcar, limón na azafrán, ambayo sisi twaita sukari, limau na zafarani. Kiswahili nacho kimeliita tunda zima zabibu, hata likiwa bichi. Yaelekea ni kwa sababu lilitufikia kwa jahazi likiwa limekwisha kaushwa. Tunda tulilijua kwanza kwa sura yake ya riziki njema, ile ambayo mama zetu hutia kwenye biriani na kwenye tambi za sikukuu.

Lakini si kila mtu yu huru kuchagua kama mgeni mwenye meza yake. Aliyetuletea kiamsha kinywa alikuwa kijana wa Kimoroko kutoka Nador. Alipotusikia tukisoma dua ya chakula, alituamkia kwa salamu, na baada ya zamu yake tukazungumza, Kiarabu chetu cha chuoni na chake cha mtaani vikikutana katikati. Alikuwa amehudumia ukumbi wa usiku miaka miwili, akichukua sinia za mvinyo. Kisha aliomba zamu ya asubuhi, ambako bakshishi ni ndogo sana, na mama yake nyumbani anaitegemea. Akatuuliza: na ile miaka miwili, itakuwaje?

Hatukumpunguzia hukumu. Hadithi inayowataja watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya khamri inamtaja pia mwenye kuibeba. Lakini tulimwambia kwamba mlango wa toba haufungwi kwa mtu aliyekwisha anza kutembea, na kwamba alichokiacha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hata kiwe bakshishi, kimeandikwa. Akanyamaza, akaufuta uso, akarudi kupanga vikombe.

Hatukuweza kuacha kuwafikiria vijana wetu wa Diani, Watamu na Nyali. Wazazi hupokea fedha zao kila mwisho wa mwezi, na ni wachache wanaouliza mtoto amesimama wapi usiku ule. Barua ya mkwe wetu ilijibiwa kwa siku moja, kwa kuwa mgeni akiomba husikizwa. Mtumishi akiomba, kwanza huwahesabu wanaomtegemea. Basi asiachwe aombe peke yake. Wazee wa misikiti na wazazi waende kwa wenye hoteli kwa heshima, wawaombee vijana zamu za jikoni, bustanini, mapokezi na asubuhi. Na anayepungukiwa mapato kwa kuhama ukumbi, jamii imkumbuke kabla hajarudi.

Siku ya mwisho tulipita kijiji cha Árchez. Mnara wa kanisa lake ni mnara wa msikiti wa karne ya 14, wa matofali yaliyopangwa kwa nakshi, na sasa umetundikwa kengele. Waislamu wa mwisho wa nchi ile walifukuzwa kati ya mwaka 1609 na 1614. Tuliwaombea dua waliojenga, kisha tukanunua zabibu kavu kilo mbili kwa bibi mmoja mlangoni mwake, za kugawia majirani.

Mwenye kukusudia safari kama hii aandike barua yake mapema, aulize juu ya chumba, meza, nyama na siki, na asione haya. Mwenyezi Mungu atujaalie sisi na watoto wetu riziki njema, na awafungulie vijana wetu milango ya halali. Amin. Wabillahi tawfiq.